ST20, prosesa iliyodharauliwa ndani ya king'amuzi

Lawama juu ya televisheni shirikishi ya miaka ya 1990, ile iliyomwezesha mtazamaji kuagiza kwa rimoti, ni moja, na haiishi kurudiwa: ving'amuzi vilitiwa prosesa dhaifu, na ndoto nzima ikafia hapo. Unabonyeza rimoti, menyu haiji. Unabonyeza tena ukidhani haikusikia, kisha zinakuja mbili kwa mpigo. Waliopitia hayo hawasemi uongo. Ila yupo aliyetia prosesa yenye nguvu, na yaliyomkuta hayasimuliwi sana.

Time Warner, kampuni ya habari na burudani ya Marekani, ilizindua mtandao wake wa televisheni shirikishi huko Orlando, Florida, tarehe 14 Desemba 1994. King'amuzi chake kilikuwa kompyuta hasa: prosesa ya MIPS, ukoo uleule wa mashine za michoro za Silicon Graphics, na menyu za pande tatu zinazozunguka kwenye kioo. Mtazamaji aliita filamu ikaja, akaisimamisha, akairudisha nyuma. Ilifanya kazi, na vizuri. Lakini kila kifaa kiligharimu maelfu ya dola, na nyumba zilizokusudiwa zilikuwa kama 4,000 tu. Tufanye kila kifaa kilikuwa dola 2,000, kwa kuwahurumia. Nyumba milioni moja zingehitaji dola bilioni 2, kabla hujavuta waya wala kulipia filamu hata moja. Mwaka 1997 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa.

Kwa hesabu hiyo, ST20, prosesa ndogo ya ving'amuzi kutoka SGS-Thomson, kampuni ya chipu ya Ulaya, inastahili kuangaliwa upya. Asili yake ni transputa, chipu ya Inmos, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1978 kwa fedha za serikali ya Uingereza na kubuni chipu zake Bristol. Transputa ilikusudiwa kuunganishwa kwa mamia zifanye kazi kama kompyuta moja. Soko la kompyuta halikuipokea kama ilivyotarajiwa, na mwaka 1989 Inmos ikaingia mikononi mwa SGS-Thomson. Wengi hufunga faili hapo.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia. Amri nyingi za kila siku za ST20 huenea ndani ya baiti moja: biti nne zinasema la kufanya, nne zinabeba namba. Amri ya kawaida ya MIPS ilichukua baiti nne. Programu haipungui mara nne, maana ST20 huhitaji amri nyingi zaidi kwa kazi ileile, lakini inapungua. Na mwaka 1995 megabaiti moja ya kumbukumbu ilikuwa kama dola 30. Thelathini! Aliyeokoa megabaiti mbili katika kifaa cha kugawiwa nyumba milioni moja aliokoa dola milioni 60. Kuuita huo ubahili ni kusahau bei za wakati ule.

Tena king'amuzi hakina kazi moja kubwa. Kina vijikazi vingi vya papo hapo: kupanga pakiti za data za baiti 188 zinazomiminika bila kukoma, kulinganisha sauti na picha, kukagua kadi, kusikiliza rimoti. ST20 ilirithi kutoka kwa transputa uwezo wa kupokezanisha kazi hizo ndani ya silikoni yenyewe, bila kungoja programu ya kuzisimamia. Kufumua picha zilizorushwa zikiwa zimebanwa kuliachiwa sakiti nyingine, ambayo katika STi5500, chipu ya ving'amuzi ya kampuni hiyo, iliwekwa pamoja na ST20. Anayelinganisha megahezi zake, yaani kasi yake, na za Orlando anapima kazi ambayo ST20 haikupewa.

Wakosoaji wana hoja, tena nzito. Muundo wake wa rafu ya rejista tatu, yaani vihifadhi vitatu tu vya namba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ulikuwa mgeni kwa waandishi wengi wa programu, na ulikuwa mgumu kuongezewa kasi. Kampuni yenyewe baadaye ilihamia ST40, ya ukoo mwingine wa prosesa uitwao SuperH, kisha prosesa za ARM. Hilo silipingi. Ila ARM nayo ilikuwa chipu ndogo, ya bei ndogo, na katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa tayari ndani ya vifaa vya Acorn, kampuni ya kompyuta ya Uingereza, kwenye majaribio ya televisheni shirikishi ya Cambridge. Aliyeirithi ST20 mwishowe alikuwa mdogo mwenzake.

Turudi kwenye ile menyu iliyochelewa. Katika matangazo ya setilaiti na ya antena, kurasa za huduma shirikishi hazikuwa zimekaa ndani ya king'amuzi zikingoja kufunguliwa. Zilirushwa hewani kwa mzunguko, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, kisha upya. Ukibonyeza wakati ukurasa wako umeshapita, unangoja mzunguko mwingine, kama abiria aliyeona mgongo wa daladala. Hewa ilikuwa finyu, kurasa zilikuwa nyingi. Hata prosesa ya Orlando ingesimama kituoni na wenzake.