Kupimwa aota ukifika miaka 65: nani anafaidika?

Aota ndiyo mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Inaposhuka tumboni, ukuta wake unaweza kulegea ukatutumka taratibu kwa miaka mingi, mwenyewe asihisi chochote. Siku ikipasuka, wengi hukata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Albert Einstein alikufa hivyo mwaka 1955, baada ya kukataa upasuaji.

Kuanzia 2009, England imekuwa ikiwaita wanaume wanaofikisha miaka 65 wapimwe tumbo kwa altrasaundi. Asiyekutwa na tatizo haitwi tena. Kipimo huchukua dakika chache na hakiumi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanaume zaidi ya 67,000, ulionyesha kuwa kwa walioalikwa, vifo vya ugonjwa huu vilipungua kwa takriban asilimia 42. Hizo ni roho za watu, na hoja hii haiwezi kupuuzwa.

Hata hivyo, wanaume wale walikuwa wa kizazi kilichovuta sana sigara, na hakuna kinachoharibu ukuta wa aota kama sigara. Miongoni mwao, karibu 5 katika kila 100 walikutwa na tatizo. Siku hizi ni kama 1. Tena wengi wanaogundulika, mshipa wao haujafikia upana wa sentimita 5.5, kiwango ambacho madaktari huanza kufikiria upasuaji. Chini ya hapo, kuwahi kupasua hakuongezi maisha, na upasuaji wenyewe huweza kuua. Basi mtu aliyejiona mzima anarudi kupimwa kila mwaka, au kila miezi 3 mshipa ukizidi kupanuka, akiishi na hofu ya kitu ambacho huenda kisimdhuru kamwe.

Marekani imepunguza mzigo huo: kipaumbele ni wanaume wa miaka 65 hadi 75 waliowahi kuvuta sigara. Ni busara, ila wasiovuta nao huugua, japo wachache. Mimi ningewaalika wote, mradi barua ya mwaliko iwaeleze mapema, kwa lugha nyepesi, kwamba jibu linaweza kuwa la kusubiri tu. Mtu achague akijua.

Kinachonisumbua zaidi ni wanawake. Ugonjwa huu huwapata kwa nadra, lakini mshipa wao hupasuka ukiwa mwembamba kuliko wa wanaume. Mwanamke aliyevuta sigara miaka 40 hapati mwaliko wowote, na sijaona sababu ya kutosha ya kumwacha nje.