Wakili Wangu wa Elfu Mbili

Nimetoka kulipa faini ya elfu moja na mia tano asubuhi hii, kwa kosa la kusimamisha tuktuk pale ambapo kila tuktuk ya Mombasa husimama. Sisemi mengi. Mimi ni mtu mzima na heshima zangu, na risiti ninayo mfukoni.

Iliyoniuma ni ya barazani. Nakunywa kahawa tungu, Ami anatusomea simu kwa sauti kana kwamba sote vipofu: Oktoba 2025 mahakama ya Pretoria ilimwamuru Zuma, rais wa zamani wa Afrika Kusini, arudishe randi milioni 28.9 ambazo serikali iliwalipa mawakili wake kwenye kesi ya rushwa ya ununuzi wa silaha. Rais Ramaphosa alipoulizwa bungeni 2018 zilikuwa milioni 15.3. Desemba ya mwaka huo huo mahakama ikasema hakuna sheria iliyoruhusu, rudisha. Zuma akakata rufaa, 2021 akabwagwa. Na alishtakiwa mara ya kwanza 2005. Mwanangu kazaliwa mwaka huo, sasa ana ndevu.

Mimi pia nilikuwa na wakili.

Nilipoitwa kortini nikasema siendi kama mbuzi. Nikavaa kanzu ya Idi, nikapanda ngazi orofa tatu.

"Una miadi, mzee?" Sina. "Kumwona ni elfu mbili, nusu saa."

Nikalipa kwa simu, na ada ya kutuma juu yangu. Nikaketi. Wakili akanitazama, simu ikalia. Fundi wake wa shamba. Mabati, misumari, mbao zimepinda. Dakika kumi na tisa kwa saa ya ukutani. Nikakohoa, akaniinulia kidole. Karani akaleta chai. Kikombe kimoja.

"Haya mzee, kesi?"

Nikaanza tangu mwanzo: askari wa kaunti, mnyororo, mama aliyekuwa anashuka na kuku...

"Ulisimamisha au hukusimamisha?"

"Nilisimamisha, lakini..."

"Basi kiri. Hakimu atakutoza kidogo."

Nikamuuliza kwa adabu kama kaunti ingenirudishia elfu mbili zile, maana nilikuwa kazini, nahudumia umma. Alicheka hadi chai ikamwagika, nusu mezani, nusu kwenye kanzu yangu. Na kicheko chenyewe kimo kwenye nusu saa yangu!

Ami anasema tutulie, hata hapa kwetu sheria ya 2003 ipo: mtumishi wa umma akishtakiwa kwa ufisadi husimamishwa kazi kwa nusu mshahara hadi kesi iishe. Nusu! Mimi siku ya korti nimepata sufuri, na sufuri haina nusu. Kesi yangu iliisha kwa dakika nne. Za wakubwa huahirishwa hadi faili linaota ukungu, na nusu inaingia kila mwisho wa mwezi.

Halafu hebu tazama chumba kile. Askari aliyenikamata, namlipa mimi kwa kodi yangu. Aliyenisomea shtaka, mimi. Hakimu, mimi. Feni iliyokuwa haipulizi wala haizunguki, mimi! Mtu pekee ambaye sikumlipa ni yule mama wa kuku, na yeye ndiye hakunilipa nauli.

Mwenye tuktuk anataka zake za siku mbili. Na dobi kaikunjia pua kanzu, eti doa la chai ya maziwa si la sabuni ya kawaida, mia mbili na hamsini, niijie Jumatano. Arusi ya mpwa wangu ni Jumanne.