Kabla ya kuchonga jino lisilouma

Mtu anayeona haya kwa meno yake utamjua kwa mkono wake. Kicheko kikimjia, kiganja kinapanda mdomoni kabla sauti haijatoka. Anayesema kupendezesha meno ni anasa tupu nadhani hajawahi kukaa karibu na mtu wa namna hiyo. Faida ipo, tena kubwa. Kinachonisumbua ni kwamba mgonjwa huelezwa kwa kirefu atakachopata, na kwa mkato kile asichoweza kurudishiwa.

Kisichorudi ni enameli, ganda gumu la nje ya jino. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikichubuka huota. Enameli haioti, kwa sababu seli zilizoitengeneza hutoweka jino linapochomoza. Nayo ni nyembamba: hata pale iliponenepa zaidi haizidi sana milimita 2.5. Mimi kila tiba ya urembo naipima kwa hilo kwanza.

Kung'arisha meno kunapita kipimo hicho vizuri. Dawa yake ni haidrojeni peroksaidi, ambayo hupenya ndani ya jino na kuvunja chembe za rangi bila kuchonga chochote. Wengi hupata ganzi wakinywa cha baridi, kisha huisha baada ya siku chache. Umanjano wa umri huondoka kwa urahisi. Ukijivu ulioletwa na tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, iliyotumiwa utotoni ni mkaidi, huweza kuchukua miezi. Sehemu iliyozibwa haibadiliki rangi kabisa, kwa hiyo mwenye jino la mbele lililozibwa ajue huenda akabaki na baka lenye rangi ya zamani. Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi: mdomo ukikaa wazi muda mrefu kwenye kiti, meno hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Rangi halisi hutulia siku kadhaa baadaye. Picha ya "kabla na baada" iliyopigwa papo hapo inaahidi weupe ambao hautakaa. Kununua dawa kali na kujipaka kiholela ni jambo lingine. Umoja wa Ulaya, tangu 2012, umeagiza kwamba dawa inayozidi asilimia 0.1 ya peroksaidi, hadi asilimia 6, ianze kutumiwa chini ya daktari wa meno, na asipewe aliye chini ya miaka 18.

Kwenye venia ndipo ninaposita. Venia ni magamba membamba ya kauri yanayogandishwa mbele ya meno. Katika miaka ya 1930 daktari Charles Pincus wa California aliwabandikia waigizaji wa filamu magamba ya muda, yakabanduliwa baada ya kazi. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforasi, plastiki huishika barabara, na ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya venia zinazokaa miaka. Lakini tazama: kinachoishika venia vizuri zaidi ni enameli ileile inayopunguzwa ili ikae. Daktari makini hupunguza kama nusu milimita, wakati mwingine hata pungufu. Akizidisha akafika kwenye dentini, tabaka laini zaidi lililo chini ya enameli, mshiko unalegea na ganzi inakuja.

Kwa jino lililomeguka, lililolika au lililoota na umbo lisilo la kawaida, venia ni tiba nzuri na sina ubishi nayo. Ila kijana wa miaka 22 mwenye meno mazima na afanye hesabu. Venia nyingi hudumu miaka 10 hadi 15. Kabla hajafika 70 atakuwa amezibadilisha mara tatu au nne, na kila mara jino linaweza kupungua tena kidogo. Na ukiona picha ya meno yaliyochongwa pande zote yakabaki kama vigingi, hizo si venia hata zikiitwa hivyo. Hizo ni kofia zinazofunika jino pande zote, ambazo hula zaidi ya nusu ya sehemu ya jino inayoonekana, na baadhi ya meno hayo kiini chake hufa baadaye. Kufanya hivyo kwa jino lisilo na tatizo, kwa ajili ya rangi tu, naona ni makosa.

Utasikia hoja kwamba mgonjwa ni mtu mzima na mdomo ni wake. Ni kweli, mradi ameonyeshwa njia nyingine. Meno yaliyopishana hunyooshwa kwa nyaya. Huchukua mwaka au miwili, na baada yake kuna kifaa cha kuvaa usiku miaka mingi, la sivyo hurudi yalikotoka. Resini, yaani plastiki yenye rangi ya jino, hujazwa juu ya jino mara nyingi bila kuchonga. Hubadilika rangi na kumeguka mapema kuliko kauri, lakini hurekebishika. Kwa kijana ningeanzia hapo.

Na anayeshikilia venia aombe majaribio: daktari hubandika umbo jipya la muda juu ya meno yenyewe. Ajitazame kwenye kioo, kisha atamke "fufua", "vivuli", "fedha". Herufi f na v hutoka meno ya juu yakigusa mdomo wa chini. Meno yakiwa marefu mno, maneno hukwama. Akisikia yanakwama, umbo la muda linabanduliwa, na meno yake yote yapo.