Kuku Sita Waliodonoa Damu ya Ng'ombe

Ng'ombe wa mama mdogo wangu kule Uru, juu ya mji wa Moshi, alikutwa amekufa bandani alfajiri. Jana yake jioni alikuwa amekula majani vizuri tu. Damu nyeusi isiyoganda ilikuwa imemtoka puani na kwenye haja kubwa, na kuku sita walikuwa wameshaizunguka, wanadonoa. Bwana mifugo alikataza mzoga kupasuliwa, akachukua tone la damu sikioni, na majibu yakaja: kimeta, ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na hata watu. Ng'ombe akafukiwa futi sita. Ubishi ukabaki juu ya wale kuku.

Wazee walisema ugonjwa wa ng'ombe haumpati kuku. Vijana wakajibu kwamba bakteria hachagui, kuku wote wachomwe.

Wazee wana hoja nzito. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42, la ng'ombe ni kama 38 na nusu, na kimeta hustawi zaidi kwenye joto la mnyama kama ng'ombe. Mwaka 1878 Louis Pasteur wa Ufaransa alilionyesha hili kwa kuku. Aliyedungwa vimelea vya kimeta akaachwa hivyo hivyo alibaki mzima. Aliyewekwa kwenye maji baridi mpaka joto lake likashuka alikufa. Mwingine aliugua majini, lakini alipotolewa akapashwa joto, akapona. Huku kwetu tuna tumbusi. Tambarare za Monduli, mkoani Arusha, zinakijua kimeta. Mwaka 2016 kule Selela kiliua nyumbu na mifugo, na watu wakaugua. Tumbusi hula mizoga ya namna hiyo na kwa kawaida hawafi, maana tumbo lao lina asidi kali mno.

Ila joto peke yake halimalizi hadithi. Mbuni naye ni ndege, lakini joto lake ni la chini kuliko la kuku, na mbuni wamewahi kufa kwa kimeta. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote: kutougua si sawa na kutobeba. Mzoga ukipasuliwa, bakteria wa kimeta hupata hewa na kujifungia ndani ya gamba gumu, yaani spora, na spora hukaa udongoni kwa miaka mingi. Tumbusi anayechana ngozi huifungulia hewa hiyo njia, kisha huruka na uchafu kwenye manyoya na miguu mpaka kwenye dimbwi anapokunywa na kuoga. Hata kinyesi chake kimewahi kukutwa na spora. Wakati huo huo, bila tumbusi mizoga ingelala porini siku nyingi, mbwa na fisi wakiisambaza. Mimi bado nasimama upande wa tumbusi.

Kifua kikuu kinageuza swali zima. Aina inayowapata ng'ombe haimpati kuku kirahisi; kuku ana aina yake. Anayeugua ni yule kuku wa kienyeji aliyefugwa miaka, anakonda mpaka mfupa wa kifua unachongoka kama kisu, na ukimpasua ini limejaa vinundu vyeupe. Vimelea vyake hutoka na kinyesi, nguruwe akavila akavimba tezi za shingo. Ng'ombe akivigusa anaweza asiugue, ila akavuruga kipimo. Ndiyo maana daktari wa mifugo humchoma ng'ombe sindano mbili shingoni, moja ya kifua kikuu cha ng'ombe na nyingine ya cha ndege, kisha baada ya saa 72 analinganisha uvimbe. Kumbe hapo kuku ndiye anayemsumbua ng'ombe!

Salmonela, bakteria wanaoharisha watu na mifugo, nazo ni za aina nyingi. Ile ya homa ya matumbo ya kuku haiendi kwa ng'ombe, lakini zipo zinazohama bila shida kati ya kuku, ndama na binadamu, na kihamba cha Mchaga, yaani shamba la nyumbani, kuku wakiparura samadi chini ya miguu ya ng'ombe, kinazirahisishia njia. Hapo vijana wamepatia.

Kwa hiyo sikubaliani na kuwachoma wale kuku kwa hofu ya kwamba wataugua. Lakini ningekataa katakata kuwachinja na kuwala, au kuwapeleka soko la Mbuyuni kuuzwa, kwa sababu walichokibeba matumboni na kwenye makucha hakionekani. Mama mdogo amewafungia bandani kwao, anawapelekea mahindi na maji humo humo, na kinyesi chao anakichoma kwa nyasi kavu. Palipomwagika damu amezungushia miiba. Tetea mmoja ameanza kulalia mayai, na mama mdogo bado hajaamua la kufanya na vifaranga.