Katibu wa dimbwi

Jamani mie sikuutaka huu ukatibu, nasema mapema ili mtu asije akanambia nilijipendekeza. Nilikuwa nimekaa zangu barzani baada ya Isha na kikombe changu cha kahawa na kashata, nasikiliza watu wanabishana habari za dimbwi, mara mzee mmoja akauliza nani hapa ana kalamu, na mie kwa ujinga wangu nikatia mkono mfukoni nikatoa biki. Basi, ndo uchaguzi wenyewe huo. Hakuna kura wala wakala, watu wakasema mashallah katibu kapatikana, na mie nikawa katibu wa kamati ya mtaro mpaka leo, posho sijaiona na biki sikurejeshewa.

Dimbwi lenyewe sasa. Mtaa wetu uko Ng'ambo hapa Unguja, sitoutaja jina maana wa mtaa wa pili watacheka na wao lao kubwa kuliko letu. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, maji yanaanza pale kwenye nguzo ya umeme yanakwenda mpaka karibu na mlango wa msikiti, na yamekaa sana mpaka yana mila zake. Kuna matofali saba ya kukanyagia na kila mwenyeji anajua la nne linacheza, kwa hivyo ukimuona mtu kasimama kwenye la tatu kaipandisha suruali anafikiri, huyo mtu wa hapa hapa. Ukisikia chubwi, huyo mgeni, au mtu aliyekuja kudai pesa zake. Bi mkubwa wa nyumba ya kona kafuga mabata sita, na kabla ya dimbwi alikuwa hana hata kuku. Na kuna kijana mmoja kanunua buti za mpira pea mbili anakodisha, mia mbili kuvuka, ukirudi mia mbili tena, ukimwambia mwanangu hebu tuone huruma anakujibu, "Ami, buti nazo zinachakaa."

Wazee wa barza wanasema la ajabu hakuna, mji huu maji ndo wenyewe. Na kweli, Darajani pale leo huoni daraja lakini lilikuwepo, mkono wa bahari ulikuwa unaingia ndani unaukata Mji Mkongwe na huku kwetu ndo maana tukaitwa Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka miaka ya 1950 ukaisha. "Maji hayasahau njia," anasema mzee wetu mmoja kila siku, kama kwamba ndo katupa dawa. Sawa mzee wangu, hayasahau, lakini haya ya kwetu yalikuwa na njia yake, yalikuwa yakipita uchochoroni yanateremka bondeni, sasa mmoja kausogeza ukuta nje futi mbili, wa pili kajenga banda la mbuzi, wa tatu kaweka ngazi, na ukimuuliza kila mmoja anakwambia mie nimetoka kidogo tu. Kidogo kidogo hicho hicho maji yamekwama. Mie mwenyewe nimejenga kibarza cha saruji nje kwangu cha kukalia jioni, lakini hicho hakizuii kitu, kidogo tu. Na uchochoro uliobaki tumeutia taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku hapa Zanzibar tokea 2006, bara wenzetu wamekuja kuamka 2019, tunajisifu nayo sana hiyo, lakini nenda kachungulie uchochoro wetu utadhani marufuku ilikuwa inawahusu watalii.

Halafu ujue sisi ni watu wa kustahamili, sisi! Tumekaa miezi mitatu Unguja nzima hakuna umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari umekufa, na tulifanya nini? Waliokuwa nazo walinunua jenereta, tusiokuwa nazo tukenda kukaa karibu na wenye jenereta tukachaji simu. Watu kama hao unawaambia wapiganie mtaro, wapi.

Lakini tuliandika barua. Wiki tatu, na mbili katika hizo tulikuwa tunabishana kichwa cha habari. Kijana mmoja wa chuo kikuu akasema andikeni TUNADAI, mtaro ni haki yetu, mzee akamgeukia akamwambia unamdai nani wewe, ulimkopesha lini? Tukafuta. Tukaandika TUNAOMBA, mwengine akasema mbona kama tunaomba mchango wa harusi, tukafuta tena, mwisho ikawa "Kuwasilisha ombi letu dogo kwa heshima na taadhima", na hapo jirani yangu ambaye kila mvua inapopiga anachota maji jikoni kwa sufuria akaruka, dogo? dogo? njoo kwangu ulipime! Lakini nilikuwa nshaandika kwa wino na karatasi safi ilikuwa ya mwisho. Kwenye neno mafuriko mtu kaweka kikombe cha kahawa, limebaki duara zuri kabisa kama muhuri wa serikali.

Saini sasa, lahaula. Nani aanze? Akianza wa chama cha upande huu, wa upande ule hatii. Mwaka 2010 tuliundiwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa visiwani na mie nlidhani hayo ni mambo ya wakubwa, kumbe na mtaro unataka umoja wa kitaifa, mwenyekiti akatoka huku, makamu akatoka kule, na mie katibu wakaniuliza wewe wa wapi, nikasema mie wa kalamu. Bi mkubwa wa mabata hajui kuandika, akataka kutia dole gumba, kidau cha wino hakuna, mjukuu wake alikuwa anapakwa piko kwa ajili ya harusi, basi akachovya humo humo akalibandika. Likatoka jeusi limekoza kuliko saini zote, afisa yeyote akiliona atajua huyu mtu hatanii. Kijana wa buti alikataa kata kata. "Ami, moyoni niko na nyinyi. Lakini saini, hapana."

Tukaja kwenye swali la kuipeleka wapi. Mzanzibari siku ya uchaguzi anapewa karatasi tano, ehee, rais wa Zanzibar, rais wa Muungano, mbunge, mwakilishi, diwani, unatoka kituoni kidole cheusi na mkono umechoka, sasa katika watano hao wa mtaro ni yupi? Mmoja akasema tumpelekee mbunge. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mbunge yuko Dodoma bwana, na mtaro si jambo la Muungano, mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964 yakawa yanaongezwa yanaongezwa mpaka 22, bandari imo, posta imo, mpaka mafuta yaliingizwa, mtaro haukuingizwa, mtaro tumeachiwa wenyewe! Hii ndo kero ya Muungano ambayo sijaona tume yoyote imekuja kuiulizia. Tukakubaliana tuanze kwa sheha, mkubwa wetu wa serikali hapa mtaani.

Sheha wetu mtu mzuri, muhuri anauweka nyumbani ndani ya kopo la biskuti. Akasoma barua yote, kurasa mbili, akarejea akasoma tena, akavua miwani, akasema barua nzuri, imetulia, ila hapa kwangu nyuma pia panajaa na hamjapataja. Basi tukaongeza na pa sheha kwa mstari mdogo pembeni, akapiga muhuri.

Ofisini tulikwenda watu kumi na moja. Ofisi gani ilikuwa hiyo sitosema, nina watoto. Ndani ya daladala msemaji wetu alikuwa moto, anapiga goti lake kwa ngumi anasema leo watanijua, leo nitaigonga meza, konda mwenyewe akawa anamuogopa hakumdai nauli mpaka tunashuka. Kufika tukakaribishwa chumba cha kipupwe, kila mtu chupa ya maji baridi, afisa kijana mdogo ana adabu zake, kasimama kutupa mkono mmoja mmoja. Yakhe, adabu ile ndo iliyotumaliza. Msemaji akaanza, kwanza kabisa tunashukuru. Akashukuru kupokewa, akashukuru maji, akashukuru amani na utulivu, akaishukuru barabara tuliyojia, dakika ishirini zimepita mie naangalia saa ya ukutani bado anashukuru. Afisa akamuuliza kwa upole, "Sasa mzee wangu, tatizo lenu hasa ni nini?" Na yeye, wallahi nipo nimekaa nasikia kwa masikio yangu, akasema, "Tatizo kubwa halipo mheshimiwa, ni kijimtaro tu."

Kijimtaro! Nikampiga teke chini ya meza, kumbe mguu wa makamu mwenyekiti. Afisa akapokea barua akaliangalia dole gumba, akaliangalia tena, akasema limepokelewa na linafanyiwa kazi. Tulipofika nje msemaji akapumua akajifuta jasho akasema, "Nimempa ukweli wake yule."

Miezi ikapita. Grupu la WhatsApp lilikuwa linaitwa Mtaro Kwanza, leo ukilifungua utakuta mauzo ya samli, dua za Ijumaa, mtu kapoteza mbuzi, na voisi za dakika tisa za jamaa yetu aliyeko Ughaibuni anatufokea kwamba nyinyi mmelala, huku Arabuni mvua ikinyesha huoni tone barabarani. Aprili 2024 Dubai ikazama, uwanja wa ndege maji, magari ya kifahari yanaelea, nakwambieni barza yetu ilifurahi wiki nzima, si kwa ubaya, Mungu atusamehe, ila voisi zilipungua.

Halafu wakaja. Bila ya taarifa, mwezi wa Julai, jua kali, ardhi imekauka mpaka imepasuka, wanatua na kifaa chao cha miguu mitatu na tepu na kopo la rangi nyekundu, wanauliza dimbwi liko wapi. Tukaanza kuwaonesha kwa mikono, linaanzia pale, linapita hapa, hapa linanifika magotini, hapa mtoto wa skuli aliacha kiatu, fundi anaangalia vumbi anatuangalia sisi, nikaona huyu sasa ataondoka. Kilichotuokoa ni bata. Mabata sita ya bi mkubwa yametoka kwa foleni yakaja yakalala katikati ya njia kwenye vumbi, mahala pale pale, yanasubiri. Fundi akatikisa kichwa akaandika.

Mie siku ile nilikuwa na maziko Mwera, sikuwakuta wakati wa kupima. Nimerudi Alasiri nimechoka, kanzu yangu nyeupe, ile ya Idi, nikasema nikae kidogo nje kwangu nivute pumzi. Nikakaa. Watu wanapita wananisalimia kwa furaha isiyo ya kawaida, katibu hujambo, katibu hongera mtaro unakuja, nikainuka nikenda dukani kununua boflo, nikapita msikitini, nikapita kwa kinyozi, mtaa mzima nimeuzunguka, nyuma yangu nasikia watu wanakohoa. Nafika nyumbani mke wangu kanigeuza kwa bega, akashika mdomo. "Umekalia nini?"

Alama ya X. Nyekundu, kubwa, imekaa makalioni sawa sawa kama nimepangiwa kubomolewa mie. Nikatoka mbio, naangalia kibarza changu, X imo, nusu iko kwenye saruji, nusu nimeondoka nayo.

Nikamkimbilia fundi hajafika mbali. Nikamwambia mwanangu, hapa pana makosa, hiki kibarza kidogo tu, upindisheni mtaro kidogo upite kwa jirani, yeye ana nafasi. Kijana akanijibu kwa ile adabu yao, "Ami, maji hayakati kona kwa kujuana." Nikamwambia lakini mie ndo katibu! Akafungua faili, akaitoa barua, duara la kahawa lile pale, mwandiko wangu, akanisomea, mtaro ufuate njia ya asili ya maji bila ya kumuonea haya mtu yeyote. Sentensi hiyo nliitia mie mwenyewe, jamani, na niliposoma barzani walinipigia makofi.

Sasa niko kwenye barua ya pili. Safari hii nimeandika TUNADAI. Nimeizungusha mtaa mzima siku nne, mwenyekiti anasema anaumwa jicho, makamu bado anachechemea kwa lile teke, bi mkubwa anasema piko imekwisha harusi imepita, mke wangu nilipomuwekea mezani kaisogeza pembeni akaweka sahani ya mchuzi juu yake. Mpaka leo ina saini mbili, yangu na ya yule kijana wa buti, ambaye hakuulizia hata imeandikwa nini, kaitia pale pale amesimama, akanirejeshea karatasi akaniambia, "Ami, wewe kuanzia masika hii unavuka bure."