Nzito au Nyepesi, Mtaani au kwa Wakala: Hesabu za Mwenye Gari Tanga

Simamisha IST au Noah mbele ya duka la spea pale Ngamiani, na swali la kwanza utakaloulizwa ni "nzito au nyepesi?" Anauliza oili ya injini. Nzito ni 20W-50, na kwa kuwa Tanga ni mji wa joto, wengi wetu tunajibu "nzito" kabla muuzaji hajamaliza kuuliza. Gari hilohilo likienda Dar es Salaam kwa wakala, yaani karakana rasmi ya kampuni ya gari, linarudi na 0W-20, ile nyepesi. Fundi wa mtaani anachomoa dipstiki, anaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, anatikisa kichwa: "Bosi, wamekuwekea maji."

Kila upande una hoja yake. Ila kinachogombaniwa ni uzito wa oili, wakati injini nyingi mjini hapa zinakufa kwa oili iliyochelewa kumwagwa, au kwa oili isiyo oili.

Namba zenyewe kwanza. Ile yenye W inahusu injini ikiwa ya baridi, na baridi inayosemwa si ya kwetu: 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30 chini ya sifuri. Hata Lushoto mwezi wa saba hakukaribii huko. Kwa mtu wa Chumbageni, kulipia zaidi ili apate 0W badala ya 10W ni kununua koti la barafu. Namba ya pili ndiyo yenye uzito kwetu, na hiyo hupimwa kwenye nyuzi 100, joto la injini iliyokwisha kuchemka vizuri. Hapo hoja ya "mji wa joto" inapungua nguvu, kwa sababu joto la injini linashikwa na themostati na rejeta, liwe gari la Tanga au la Sapporo. (Labda kama themostati iling'olewa na fundi "ili gari lisichemshe", jambo ambalo hapa si geni, na ni kosa kubwa kuliko kuchagua oili yoyote.)

Fundi wa 20W-50 si mjinga, hata hivyo. Vitabu vingi vya Toyota vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za joto vina jedwali linaloruhusu 15W-40 na 20W-50 kwa injini za miaka ile. Injini iliyokwisha kutembea kilomita laki mbili, ringi zimelegea na inakula oili, hutulia kidogo ikipewa oili nzito. Haijapona, imepunguziwa kiu tu. Tatizo linakuja dawa hiyo inapopewa kila gari. Mifumo kama VVT-i, ule wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, hufanya kazi kwa shinikizo la oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, na injini iliyotengenezwa kwa 0W-20 ukiipa 50 inavuta kwa uzito na kunywa mafuta zaidi. Wakala naye ana la kujibu: oili nyepesi zilisambaa sana Japani na Marekani kwa sababu ya masharti ya kupunguza matumizi ya mafuta. Si kwamba 30 ingeziua injini hizo. Kwa IST ya mwaka 2004 mimi naweka 5W-30 au 10W-30 na kulala usingizi. Nikianza kuona inashuka kati ya sevisi na sevisi, nahamia 40. Kufika 50 ni kukiri kwamba injini inasubiri kufunguliwa.

Kwa nini hatusomi kitabu? Kwa sababu kimeandikwa Kijapani, au kilibaki bandarini. Lakini fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo: magari mengi huja na kibandiko cha sevisi ya mwisho aliyofanya Mjapani, kilomita na tarehe. Mwaka ukiandikwa 25, usishangae. Mara nyingi huo ni mwaka wa 25 wa Heisei, enzi ya kalenda ya Kijapani, yaani 2013. Kibandiko hicho kitakwambia pia kama kilomita za dashibodi zimerudishwa nyuma, na kwa hilo peke yake kina thamani kuliko maneno ya dalali.

Sasa wakala. Anayetaka kwenda kwake kutoka Tanga, kwa chapa nyingi, ana safari ya kilomita 350 hivi hadi Dar, mafuta na siku nzima. Anapata nini? Gari likiwa jipya na lina dhamana, anapata kumbukumbu, na hilo si dogo. Marekani ina sheria tangu mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kufunga dhamana yake na sevisi ya kulipia ya wakala wake. Mwenye gari akitunza risiti na kutumia oili ya kiwango kilichotajwa, dhamana inasimama. Usiichukue sheria ya watu ukabishana nayo kwenye kaunta ya Dar es Salaam. Kwako wewe, lililoandikwa kwenye mkataba uliosaini ndilo litakalosomwa siku injini ikigoma. Wakala pia anaweza kuangalia kwa namba ya chesisi kama gari liliitwa kurekebishwa. Mifuko ya hewa mibovu ya kampuni ya Takata ilifanya mamilioni ya magari duniani yaitwe, ya Kijapani yakiwa mengi, na hilo fundi wa chini ya mwembe hawezi kukuangalizia.

Gari likishamaliza dhamana, au liliingia nchini likiwa na miaka kumi na tano, sioni sababu ya safari. Unalipia chumba cha kusubiri chenye kiyoyozi, huruhusiwi kuingia ndani, na oili mara nyingi inatoka kwenye pipa kwa mpira, hivyo kopo huioni. Halafu inakuja orodha ya nyongeza: kuosha injini kwa dawa, kusafisha nozeli, na wewe umekaa na chai huna wa kumuuliza. Mtaani unasimama kando ya gari, unaona nati ya sampo, bakuli la oili chini ya injini, ikifunguliwa na oili chafu ikitoka.

Lakini mtaani ndiko oili feki iliko. Makopo matupu hukusanywa, yanajazwa na kurudi dukani. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ikikosekana, acha. Ikiwepo, bado kagua karatasi ya ndani ya kifuniko kama haijagandishwa upya kwa gundi, na maandishi ya kiwango cha oili kwenye kopo kama ni API SN au SP kwa gari la petroli. Dizeli ina herufi yake, C. Kopo likiisha, mwambie fundi alitoboe mbele yako. Mwenye bodaboda asichukue mabaki ya oili ya gari: klachi ya pikipiki nyingi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na inahitaji yenye alama ya JASO MA isije ikateleza.

Na kitu ambacho nimekiona mno: galoni ya lita 4 inamiminwa yote. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST na magari mengi ya aina hiyo inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Kilichobaki kirudi nyumbani na mwenye gari, kiwe cha kuongezea.

Kuhusu kilomita, fundi anasema 3,000, wakala anasema 10,000. Anayeishi Raskazone na kufanya kazi Bombo, mwendo mfupi, gari lake halipati moto wa kutosha kukausha unyevu ulioingia kwenye oili. Vitabu vya magari huita hayo matumizi magumu, sawa na vumbi la njia za Pongwe, na hupunguza muda wa kumwaga. Namshauri 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia. Anayekwenda mbali hadi Segera kila siku kwa lami, mwenye oili ya sintetiki halisi, anaweza kusogea mbele.

Na popote utakapomwaga, ankara isiandikwe "oili lita 4" tu. Iandikwe namba, API, filta ya nani na kilomita za siku hiyo, hata kama ni kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya duka.