Hema la turubai linavuja na kila mtu fundi

Jamani hii kero ya hema la turubai kuvuja usiku itaniua, yaani umelala zako vizuri, tone la kwanza linatua shavuni unajifanya hujalisikia, la pili sikioni, basi usingizi kwisha. Na kinachoniudhi zaidi sio hata mvua, ni hawa watu wa "paka tu kitu chochote". Chochote kipi? Turubai la pamba sio nailoni bana, nyuzi zake zikilowa zinavimba zinaziba vitundu zenyewe, ndio maana hema jipya unalimwagia maji kwanza halafu unaliacha likauke kabisa, ikibidi unarudia, kabla hujakimbilia kununua madawa ya kuzuia maji. Likiendelea kuvuja angalia mishono, pale sindano ilipopita, pasugue nta basi, sio kulipaka hema zima mipako ya ajabu ajabu mpaka halipumui tena, asubuhi mnaamka mmelowa na mvuke wa pumzi zenu wenyewe mnasema eti linavuja!

Halafu kuna wale wa kulifua na sabuni ya unga ndio wapulizie silikoni, ile dawa ya kuzuia maji, juu yake, wanalalamika haishiki. Itashikaje wakati sabuni bado imo kwenye kitambaa? Maji matupu na brashi laini, likauke mpaka ndani ya mishono, ndio upulize.

Na wewe unayelala umeegemea ukuta wa hema mvua ikinyesha, hapo ulipogusa ndipo maji yanapopenya, hebu sogea huko!